Meza Nyingi, Mwenye Meza Mmoja

Vijana wa kwetu Chakol wakianza kunieleza hesabu za kufungua meza nyingi kwa wakati mmoja, huwa nawatajia namba moja: dola 7 na senti 65. Hiyo ndiyo faida aliyoondoka nayo Randy Lew, mcheza poka wa Marekani anayejulikana mtandaoni kama nanonoko, alipoweka rekodi ya dunia ya Guinness mwezi Januari 2012. Kwa saa 8 alicheza mikono 23,493 kwenye PokerStars, meza zimejipanga kwenye skrini kama vigae vya sakafu. Gawanya mwenyewe: ni karibu mikono 49 kila dakika. Kwenye kasino ya kawaida, yenye mgawa karata na wachezaji wapenda stori, mtu hupata mikono kama 30 kwa saa. Yaani jamaa alifanya kazi ya zaidi ya mwezi mzima, usiku na mchana bila kulala, ndani ya siku moja. Akalipwa pesa ya chipsi na soda.

Tusimcheke. Siku hiyo alikuwa anatafuta kasi, na kumaliza mikono yote hiyo bila hasara si jambo dogo. Lew ni bingwa aliyekula kwa poka miaka mingi. Lakini namba hiyo inanisaidia kuuliza swali ambalo huku mpakani lina umri mkubwa kuliko intaneti: mtu akiongeza meza, nani hasa anaongeza kipato?

Kwanza tujue jambo lenyewe lilivyoanza. Poka ya mtandaoni ya pesa halisi ilianza mwaka 1998, kwenye tovuti iliyoitwa Planet Poker. PokerStars ilikuja 2001. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa jimbo la Tennessee, Chris Moneymaker, aliingia mashindano ya dunia ya Las Vegas kwa tiketi aliyoishinda mtandaoni kwa chini ya dola 100, akatoka na dola milioni 2.5. Hilo ni jina lake la kuzaliwa, si la jukwaani. Baada yake vijana wengi duniani waliona kwamba ofisi inaweza kuwa chumba cha kulala.

Kasinoni una kiti kimoja, na makalio hayagawanyiki. Mtandaoni unaweza kukaa kwenye meza 4, 12, hata 24. Hesabu yake ni hii. Chukua mchezaji anayewazidi wenzake kidogo tu, anayepata wastani wa shilingi 100 kwa saa kwenye meza moja. Akifungua meza 10, kila meza inashuka, kwa sababu macho ni mawili na akili ni moja. Tuseme inabaki shilingi 40 kwa meza. Lakini 40 mara 10 ni 400. Hapo ndipo siri ilipo: anacheza vibaya zaidi na analipwa vizuri zaidi. Kwa waliokuwa na uwezo huo, haikuwa ndoto. Watu walilipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo.

Ila kuna mtu tumemsahau. Katika poka unacheza dhidi ya wachezaji wenzako, si dhidi ya kampuni. Kampuni inakaa pembeni na kukata kiasi kidogo kwenye pesa inayoshindaniwa, mkono baada ya mkono. Tuliite kato. Wewe ukishinda, limekatwa. Jirani yako akishinda, limekatwa. Meza 10 ni makato 10. Ndiyo maana kampuni ziliwapenda wacheza meza nyingi, zikawapa pointi na zawadi kama dereva wa matatu anavyopewa chai ya bure kwenye hoteli anakoshukisha abiria.

Sasa turudi nyumbani, maana hesabu hii tunaijua bila kompyuta.

Chakol iko Teso Kusini, kaunti ya Busia, na tunaishi tukivutwa na miji miwili ya mpakani: Busia upande mmoja, Malaba upande wa pili. Mpaka wa wakoloni uliwakata Wateso, wengine wakabaki huku na wengine kule upande wa Tororo. Kwa muda mrefu mpaka huo haukugusa mfuko wa mtu. Tangu 1921 pesa ilikuwa moja, shilingi ya Afrika Mashariki. Nyanya yangu aliweza kuuza wimbi ng'ambo na kununua chumvi huku kwa sarafu ileile.

Mwaka 1966 ulileta vitu viwili ambavyo sidhani kuna aliyeviunganisha wakati ule. Agosti, Uganda ilifungua benki yake kuu na kuanza kutoa shilingi yake. Septemba, Kenya ikafanya vivyo hivyo. Na mwaka huohuo Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kamari na bahati nasibu, iliyounda bodi ya kutoa leseni. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja tulipata pesa mbili za kubadilisha na leseni za kubeti. Mwanzoni shilingi hizo mbili zilikuwa na thamani sawa. Zilipoanza kuachana, ikazaliwa kazi ambayo imelisha familia nyingi Busia na Malaba: kubadilisha pesa.

Umewahi kumtazama mbadilishaji pesa akiwa kazini? Yule mwenye bunda mkononi, ambaye vidole vyake vinahesabu huku macho yako kwa lori linaloingia. Wengi hudhani anabahatisha, kwamba anangoja shilingi ya Uganda ipande au ishuke. La. Ana bei mbili. Tuseme, mfano tu, soo yako ya Kenya anainunua kwa shilingi 2,700 za Uganda, na anayetaka soo hiyohiyo anamuuzia kwa 2,760. Tofauti ni 60, kama shilingi 2 zetu. Ni kidogo mno. Lakini kuna dereva wa trela, kuna mama wa nyanya, kuna mtu wa mitumba, kuna mwanafunzi anayeenda shule Tororo. Kila mmoja ni meza, na kwenye kila meza kato ni lake. Mzee mmoja wa Malaba, aliyekuwa rafiki ya baba, aliniambia hivi: "Kijana wangu, mimi siombi bei ipande. Mimi naomba watu wapite."

Bodaboda nayo ni yetu. Neno lenyewe lilizaliwa Busia miaka ya 1960, baiskeli zilipokuwa zikibeba watu na mizigo kuvuka kipande cha barabara kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. "Boda, boda!" walikuwa wanaita, na sasa Afrika Mashariki nzima inaita hivyo. Mwenye baiskeli hakujali kama mzigo wa abiria utapata faida sokoni. Alilipwa kwa safari.

Kisha ikaja kahawa. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa kwa miaka miwili. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Mkulima alilipwa kwa shilingi ambayo haikununua kitu. Kahawa ikaanza kutembea usiku kuja Kenya. Jina linalotajwa hadi leo ni Chepkube, soko dogo la mpakani huko Bungoma ambalo kwa muda mfupi lilimwaga hela mpaka watu wakaipa kahawa jina la dhahabu nyeusi. Wazee wetu wakisimulia magendo hayo hucheka, lakini wanajua pia nani alipigwa risasi na nani alijenga ghorofa. Aliyebeba gunia begani aliweka maisha yake kama beti, kila usiku, meza mpya. Mwenye ghala na lori alikuwa na kato kwenye kila gunia lililofika, na kwake gunia moja likipotea mtoni ilikuwa ni hesabu tu.

Niliyaandika haya yote kwa mara ya kwanza si kwa ajili ya jarida. Niliyaandika nyuma ya karatasi ya risiti, nikimwonyesha binamu yangu.

Binamu yangu ana miaka 23. Ana simu mbili, na alitaka niongeze hela anunue ya tatu, mtumba, elfu nane. Simu hizo anaziita meza. Hachezi poka, poka haikuwahi kushika kwetu. Anacheza Aviator, ule mchezo wa ndege inayopaa na namba kupanda, nawe unatakiwa kutoa pesa yako kabla haijatoweka. Uliundwa na kampuni ya Spribe ya Georgia na kutolewa mwaka 2019. Mchezo wenyewe unakuruhusu kuweka beti mbili kwenye raundi moja. Kwa hiyo simu tatu ni beti sita. "Bro," aliniambia, "wewe huelewi. Wazungu wa poka walikuwa wanafungua meza 20. Ni kuongeza idadi tu. Hapo ndio mtu anaomoka."

Nusu ya hela ya simu alikuwa ameshaipata. Nilipouliza imetoka wapi, alinyamaza. Shangazi alikuwa amempa aweke, ni karo ya dada yake wa kidato cha pili.

Sikumpa hotuba. Nilichukua kalamu. Spribe wenyewe wanasema mchezo huo unarudisha asilimia 97 ya pesa zinazowekwa. Inasikika vizuri. Maana yake ni kwamba katika kila soo inayopita, shilingi 3 zinabaki kwa mwenye meza, kwa wastani, hata ukiwa mjanja namna gani, kwa sababu ndege haina wenzako wa kuwazidi akili. Sasa weka finje kwa raundi, raundi 150 kwa saa. Zimepita shilingi 7,500. Kato lake ni shilingi 225. Fungua beti ya pili kwenye simu hiyohiyo: 450. Simu tatu, beti sita: 1,350 kwa saa. Saa sita kwa siku: 8,100. Yaani kila siku, kwa wastani, unawanunulia wao simu.

Kuna siku atashinda, na ni siku hizo ndizo zinazosimuliwa kijiweni. Lakini tofauti kati yake na yule mcheza poka wa meza 10 iko wazi. Yule alikuwa na shilingi 40 za faida, akazizidisha. Binamu yangu ana shilingi 3 za hasara kwenye kila soo, naye anataka kuzizidisha. Kuzidisha hakubadilishi alama iliyo mbele ya namba. Ni somo la darasa la saba.

Aliangalia karatasi kwa muda. Kisha akaniuliza, "Sasa unataka nifanye nini? Nirudi kwa boda?"

Hilo swali lina uzito, na sitalirukia. Aliyeuliza ana diploma. Boda ya kukodi inadai hela ya mwenye pikipiki kila jioni, upate abiria usipate. Mjengo unapatikana siku mbili kwa wiki. Simu angalau haimuulizi anamjua nani. Tena hakulizua hili peke yake. M-Pesa ilianza Machi 2007, na MTN wakaleta yao Uganda 2009. Pesa ikajifunza kuruka bila kupita kwa mbadilishaji. Mwaka 2014 SportPesa ikaingia, na kubeti kukawa jambo la ujumbe mfupi. Kufikia 2017 jina hilo lilikuwa kwenye vifua vya wachezaji wa Everton. Mei mwaka huo Samuel Abisai akashinda jakpoti ya shilingi 221,301,602 kwa kutabiri mechi 17 zote. Kila kijiji kikaanza kumwota. Mechi 17 zenye matokeo matatu kila moja zina njia 129,140,163 za kujazwa. Ukijaza tiketi 10 badala ya moja, umeongeza meza, lakini bahari ni ileile. Utafiti wa GeoPoll wa mwaka huohuo uliwakuta vijana 76 kati ya 100 nchini Kenya wamewahi kubeti, na 57 kati ya 100 Uganda.

Mtu akisema atajikinga kwa kubeti mechi nyingi kwenye mkeka mmoja, huko ndiko kubaya zaidi. Kampuni ikijiwekea kato la shilingi 5 kwa soo kwenye mechi moja, mkeka wa mechi 5 haubaki na kato la 5. Makato yanazidishana pamoja na odi, yanafika karibu 23. Mkeka wa mechi 10 unafika 40. Ndiyo maana wanakupa bonasi ukiongeza mechi.

Mpaka wetu umeongeza kichekesho chake. Sheria ya Uganda ya 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kucheza kamari. Kenya ni miaka 18. Kijana wa Tororo mwenye miaka 20 akitembea hatua chache hapo Malaba, anageuka mtu mzima wa kubeti. Laini ya Kenya ikishika mnara kutoka ng'ambo, hata hatua hizo hazihitajiki.

Na juu ya kila mwenye meza kuna mwenye meza mwingine. Mei 1987 serikali ya Uganda ilitoa noti mpya: shilingi 100 za zamani zikawa 1, na juu yake ikakata asilimia 30. Wabadilishaji waliokuwa na magunia ya noti za zamani waliona theluthi moja, au karibu, ikiyeyuka bila wao kukosea hesabu yoyote. Desemba mwaka huo majeshi ya nchi mbili yalirushiana risasi Busia na mpaka ukafungwa. Hakuna watu kupita, hakuna kato. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungia tovuti kubwa za poka kuhudumia wachezaji wa huko, na Wamarekani waliokuwa na meza 24 wakajikuta hawana hata moja. Juni 2019 Kenya ilitangaza mwisho wa noti ya zamani ya elfu moja, na hekaheka ya mpakani ikarudi. Mwezi uliofuata kampuni 27 za kubeti zilinyimwa leseni mpya, na baada ya kodi ya asilimia 20 kwenye kila beti, SportPesa ikafunga milango Septemba. Mwaka uliofuata kodi hiyo iliondolewa, kampuni ikarudi, kodi nayo ikarudi baadaye kwa viwango vingine. Agosti 2025 sheria mpya ya kamari ilitiwa saini kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Serikali yenyewe ina kato. Ukiongeza meza, unamwongezea na yeye.

Basi je, watu wa mpakani wamekosea kupenda meza nyingi? Hapana, na hapa ndipo ninapomwelewa binamu yangu kuliko anavyodhani. Hakuna aliyewahi kuishi Chakol kwa meza moja. Nyanya alilima mahindi, akapika ajon ya kuuza, akafuga kuku, akavuka kwenda soko la ng'ambo siku zake. Shangazi anauza omena asubuhi na nyanya jioni, na katikati ana chama. Akili ya kutotegemea kitu kimoja ni urithi wetu, na ndiyo iliyotuvusha miaka ya Amin, ya vita na ya mipaka kufungwa. Kampuni za beti hazikutufundisha akili hiyo. Ziliikuta, zikaivalisha nguo zao.

Nyanya alikuwa na faida ndogo kwenye kila chungu cha ajon. Wanywaji walikaa kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, wakinywa mpaka jua linazama, na yeye alijua kabla ya kuwasha moto atabakiwa na nini. Hiyo ndiyo meza inayostahili kuzidishwa. Ya binamu yangu mrija uko kwa mtu mwingine.

Simu ya tatu haikununuliwa. Sitajipa sifa, shangazi aligundua kabla karatasi yangu haijafanya kazi, na siku hizi karo inaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Dada yake yuko kidato cha tatu. Binamu bado anacheza, simu moja, na Jumamosi anajaza mkeka wake na wasee wa kijiweni. Miezi miwili iliyopita alianza pia kukaa na wakala mmoja wa M-Pesa pale Malaba, anayehudumia laini za Kenya na za Uganda kwenye kibanda kimoja. Analipwa kamisheni. Alinipigia kuniambia ni hela kidogo sana, aibu hata kuitaja.

Nikamuuliza watu wangapi walipita siku hiyo. Akasema hakuhesabu, lakini foleni haikuisha tangu saa mbili asubuhi. Nikamwambia aanze kuhesabu.